Swali la Mkunga

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola na Mwakitolyo upande wa Shinyanga hadi Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa upande wa Geita, fundi ana heshima yake. Anayejua kupanga matimba duara lisiporomoke huitwa hata kutoka machimbo ya mbali. Anayejua maji yapite kwa kasi gani juu ya mwalo ili chembe za dhahabu zinase kwenye gunia hakosi kazi. Watu husimama wakawatazama wakifanya kazi, na jioni matokeo hupimwa kwenye mizani. Uko ufundi mwingine katika maeneo hayohayo ambao hauna watazamaji, nao ndio ninaotaka kuusifu kwa kirefu: ufundi wa muuguzi mkunga anayempokea mjamzito aliyeshikwa na pombe, akamhudumia yeye na mtoto aliye tumboni bila kumpoteza hata mmoja wao.

Ninauita ufundi kwa sababu wengi wetu tunaudhania kuwa ni huruma tu, au kinyume chake, ukali wa kukemea. Huruma inahitajika, na ukweli lazima usemwe. Lakini huruma peke yake haikuambii kama mama aliyeanguka degedege wodini amepatwa na kifafa cha mimba au mwili wake unaidai pombe iliyokatishwa juzi. Karipio halikuambii ni siku ya ngapi mikono ya aliyeacha pombe itaacha kutetemeka. Kazi hii ina vipimo, ina mpangilio, ina saa zake, na kosa dogo linaweza kuua. Mtu hujifunza kwa miaka.

Tuanze na mahali penyewe. Fununu ya dhahabu ikitoka, watu hufika kabla ya barabara, kabla ya maji ya bomba na kabla ya zahanati. Wanawake hufika pamoja nao, wakawa mama ntilie, wauza maji, waponda mawe, waosha mchanga wa marudio. Wengine hupika pombe. Wanzuki na gongo havihitaji leseni ya uchimbaji wala mtaji mkubwa, na wateja hawakosekani pale wanaume wanapotoka shimoni wakiwa na fedha mkononi na uchovu mwilini. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, na ilifanya vyema, kwani kile kipakiti cha bei ndogo kilikuwa kimeingia hata mifukoni mwa watoto wa shule. Gongo, isiyo na kiwanda wala lebo, ilibaki vichakani.

Kwa mwanamke wa machimboni, basi, pombe mara nyingi ndiyo ada ya mtoto na kodi ya chumba. Anayeipika lazima aionje, mteja akimnunulia hawezi kukataa kila mara, na usiku wenye njaa au wenye kipigo una sababu zake nyingine. Anapoanza kuhudhuria kliniki, pengine mimba ikiwa na miezi mitano, pombe imekwisha kuwa sehemu ya siku yake. Ukimwambia aache kunywa, umemwambia pia aache kazi. Mkunga asiyelijua hilo ataongea na mtu ambaye hayupo mbele yake.

Ufundi huanza na swali. Kuna njia rahisi ya kuuliza, nayo ni kusoma kwa sauti mbele ya foleni: "Unakunywa pombe? Unavuta sigara?" Jibu lake linajulikana kabla halijatoka: "Hapana, nesi." Kalamu inatia alama kwenye kadi namba 4 ya wajawazito, mama anasogea kwenye mizani, na jambo zito kuliko yote aliyokuja nayo linarudi naye nyumbani. Hakuna aliyedanganya kwa ubaya. Swali lilimtaka ajishtaki mbele ya majirani, naye akajitetea kama yeyote angejitetea.

Mkunga mwenye ufundi hufunga mlango kwanza. Husalimia, na penye Wasukuma husalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kwa sababu aliyesalimiwa kwa lugha ya nyumbani hukaa tofauti kwenye kiti. Hushika tumbo, hutafuta mgongo wa mtoto kwa viganja, humsikilizisha mama mapigo ya moyo. Yote hayo ni huduma ya kawaida ya kliniki, lakini mpangilio wake una maana: mama amekwisha kusikia kwamba mtoto wake ana thamani machoni pa mtu huyu. Ndipo mazungumzo yanapoanza, na huweza kwenda hivi:

"Nyumbani unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Napika wanzuki, nesi. Na gongo kidogo, siku za mwisho wa wiki."

"Kazi ngumu hiyo, na moshi wote ule. Kabla hujajua una mimba hii, ulikuwa unahitaji toti ngapi ndipo usikie imekolea?"

"Nne, tano hivi."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi nimepunguza. Nakunywa mbili asubuhi mikono itulie, nyingine mpaka jioni."

Tazama mambo matatu yaliyofanyika hapo. Kwanza, kauliza kazi kabla ya kinywaji, na pombe imeingia kama riziki, bila aibu. Pili, kauliza ya zamani kabla ya sasa, na ya zamani hayamshtaki mtu. Tatu, hakuuliza kama anakunywa. Kauliza ni kiasi gani kinamkolea. Swali la namna hiyo lina historia. Mwaka 1989, daktari wa uzazi Robert Sokol na wenzake mjini Detroit, Marekani, walichapisha maswali manne mafupi kwa ajili ya wajawazito. La kwanza lilihusu kiasi cha pombe kinachotosha kumlevya mtu. Walikuwa wameona kwamba wanawake wengi hulijibu bila kujihami, kwa kuwa halisikiki kama mashtaka. Anayehitaji vinywaji vingi ili asikie chochote amekwisha kuzoea, na mazoea hayo ndiyo anayoyatafuta mkunga. Maswali yaliyobaki huuliza kama watu wamewahi kumuudhi kwa kumsema juu ya unywaji wake, kama amewahi kuona kwamba inafaa apunguze, na kama huhitaji kinywaji asubuhi ili mwili ukae sawa. La nne mama wetu amelijibu kabla ya kuulizwa. "Mikono itulie" ni maneno mawili, lakini kwa mkunga anayesikiliza yamebadilisha mpango mzima wa matibabu, kama tutakavyoona.

Kisha kuna kupima. Vitabu huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za kilevi halisi, kwa hiyo chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ni kama vinywaji viwili. Gongo haina asilimia iliyoandikwa. Ya jana na ya leo, za mpishi mmoja, hazilingani. Njia ya maana ni kurudi kwenye vipimo ambavyo mama mwenyewe anavitumia: kikombe gani, ya shilingi ngapi, chupa inaisha kwa siku ngapi, wananywa wangapi. Fedha hukumbukwa vizuri kuliko ujazo. Kutoka kwenye majibu hayo mkunga hujenga makadirio ambayo hayatakuwa kamili, ila yatatosha kumwambia kama yupo mbele ya mtu anayekunywa sikukuu kwa sikukuu au mtu ambaye damu yake haikauki pombe.

Swali moja likiulizwa vizuri hufungua mengine. Katika wilaya hizi, mjamzito anayetamani kitu kwa nguvu huenda pia anakula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande na kuitwa pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na Elias Nyanza, ulihoji wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita, na asilimia 45.6 kati yao walikuwa wakila udongo. Hamu hiyo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa damu, na udongo wa nchi yenye dhahabu hubeba madini yasiyofaa kumfikia mtoto, arseniki ikiwa mojawapo. Mkunga aliyekwisha kuaminiwa kwenye habari ya gongo ataambiwa pia habari ya pemba, ya ugoro chini ya mdomo, na ya zebaki ya kukamatia dhahabu, inayochomwa kwenye jiko lilelile linalopikiwa ugali. Kila jibu lina hatua yake: vidonge vya kuongeza damu na kufuatilia kama vinamezwa, kuhamisha uchomaji mbali na nyumba, kumwachia mwingine kazi ya zebaki hadi mtoto aachishwe ziwa. Hatua zote hizo zimezaliwa na mlango uliofungwa na salamu iliyotolewa vizuri.

Baada ya kuuliza huja jambo gumu zaidi, kusema ukweli bila kumvunja mtu. Ukweli ni mzito. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halina uwezo wa kuichuja. Mwaka 1968 huko Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine na wenzake walieleza hali ya watoto 127 waliozaliwa katika familia za walevi. Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith, waliokuwa Seattle, Marekani, waliipa hali hiyo jina lililoenea duniani. Watoto wale walikuwa na macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na mfereji ulio kati ya pua na mdomo ulikuwa umelala bapa. Vichwa vilikuwa vidogo. Shuleni walihangaika kukumbuka, kuhesabu na kutulia. Wengi walioumizwa na pombe hawana hata alama hizo usoni. Jeraha liko ubongoni tu. Kiasi salama cha pombe kwa mjamzito hakijulikani.

Fundi huchagua sehemu gani ya ukweli huo aitangulize. Ubongo wa mtoto hujengwa miezi yote tisa, hadi wiki za mwisho. Kwa hiyo mama wa miezi sita ambaye amekunywa tangu mwanzo bado ana cha kumwokolea mwanawe, kuanzia leo hii. Hiyo ni elimu ya tiba, na papo hapo ni tumaini lisilo la uongo. Mwanasaikolojia Mmarekani William Miller alieleza mwaka 1983 namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe ambayo leo hufundishwa katika nchi nyingi: badala ya kumjazia mtu sababu zako, msaidie azitamke za kwake. Wakunga wazuri wa kwetu wengi waliifuata bila kuisoma. Humuuliza mama, "Huyu unamtakia nini?" kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ni sehemu ya kazi. Foleni ya nje inapiga kelele, saa inakwenda, naye anasubiri mpaka mama aseme mwenyewe kwamba yule wa pili alizaliwa mdogo sana, kwamba hataki tena, kwamba hajui aanzie wapi.

Na watu hubadilika. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walipitia kumbukumbu za uzazi zaidi ya 34,000 za miaka ya 2000 hadi 2010. Mwanzoni, asilimia 49.5 ya wanawake walisema walikunywa pombe wakati wa ujauzito. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 21.5. Hayo yametokea Kilimanjaro, nchi ya mbege, ambako pombe ina kiti chake kwenye kila shughuli. Mwenye kusema kwamba wanawake wa machimboni hawasikii aziangalie kwanza namba hizo.

Sasa turudi kwa mama wa "mikono itulie." Huyu asiambiwe, "Acha leo." Hapa ndipo nia njema isiyo na elimu inapoua. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho saa chache baadaye. Ndani ya siku mbili za kwanza huweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa, wakaona visivyokuwepo, moyo ukaenda mbio hata wakafa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu wajawazito na vilevi unataka mama wa namna hii alazwe, apewe kwa siku chache dawa ya jamii ya diazepamu inayokaa mwilini muda mrefu, kisha dozi ishushwe taratibu. Atahitaji vitamini B1, kwa kuwa wanywaji wa muda mrefu huwa hawana akiba yake, na vitamini hiyo itangulie kabla ya dripu yenye sukari, kwani sukari humaliza ile kidogo iliyobaki na kuudhuru ubongo. Ni mpangilio mdogo, kipi kiingie mshipani kwanza, lakini ubongo wa mtu unautegemea.

Tuseme amelazwa, na usiku wa pili anaanguka degedege. Ningependa kila asomaye ajue ni mambo mangapi yanapita kichwani mwa muuguzi wa zamu kwa dakika moja hiyo. Mjamzito wa miezi sita anayepata degedege huhesabiwa kuwa na kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo, maana kifafa cha mimba ndicho kitakachomwua mapema. Anamlaza ubavu, anasafisha njia ya hewa, anaita msaada, anaandaa magnesiamu salfeti. Wakati huohuo anapima: presha imepanda? Mkojo una protini? Sukari ya damu imeshuka? Geita ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo tone la damu linakwenda pia kwenye kipimo cha malaria. Na anakumbuka jambo ambalo halimo kwenye mashine yoyote: kwenye faili kuna maandishi ya mwenzake wa kliniki kwamba mama huyu hunywa toti mbili kila asubuhi, na mara ya mwisho alikunywa juzi. Bila mstari ule mmoja, angekuwa anatafuta gizani. Swali lililoulizwa kwa upole zahanati, kilomita nyingi kutoka hapo, limefika wodini kuokoa maisha. Muuguzi wa usiku na mkunga wa zahanati huenda hawajawahi kuonana, lakini wameshika kazi moja.

Tanzania ina hazina nyingine ya ujuzi wa aina hii, iliyojengwa kwa kuwahudumia watumiaji wa heroini. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na baadaye huduma hiyo ikaenea mikoa mingine. Kwa Kanda ya Ziwa ikafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, Mwanza. Wanawake ni wachache katika kliniki hizo, na wajawazito ni wachache zaidi, lakini kila mmoja wao hudai umakini wa pekee. Wengi wangedhani mjamzito aondolewe dawa zote mara moja. Wenye ujuzi hawafanyi hivyo, kwa sababu arosto kali, yaani mwili kuidai dawa iliyokatishwa, huweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuua mtoto. Humpa methadoni kwa kipimo, kila siku, mbele ya macho ya muuguzi, ambaye humsemesha kidogo baada ya kumeza ili ahakikishe imeshuka. Mimba inapokua, damu huongezeka na mwili huichoma dawa haraka, kwa hiyo dozi iliyomtosha mwezi wa tatu huisha nguvu kabla ya asubuhi mwezi wa nane. Anayemfahamu mteja wake huona miayo, vinyweleo vilivyosimama na macho yanayotoa machozi, akajua dozi ipandishwe au igawanywe mara mbili kwa siku, wala hamshuku kuwa amerudia unga. Huuliza pia kama anatumia dawa za kifua kikuu, kwani rifampisini huipunguza methadoni mwilini.

Kwa mama wa Geita tatizo kubwa la methadoni ni umbali. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea foleni ya kivuko, na hilo ni jambo kubwa kwa mgonjwa yeyote anayekimbizwa Mwanza. Lakini dawa ya kila siku haisafiriwi kila siku kwa zaidi ya kilomita 100. Ndiyo maana ujuzi huu unapaswa kuhamia karibu na watu, kama ujuzi wa kumkinga mtoto na virusi vya UKIMWI ulivyotoka hospitali kubwa ukafika kwenye zahanati za vijiji.

Mtoto huzaliwa. Aliyekuwa tumboni kwa mama anayetumia methadoni huweza kuanza arosto yake mwenyewe ndani ya siku mbili tatu: hulia kwa sauti kali, hutetemeka, hunyonya kwa pupa na kutapika. Wauguzi wa zamani katika nchi tajiri walimpeleka chumba cha peke yake chenye taa na mashine. Mwaka 2003 hospitali moja ya Vancouver, Kanada, ilifungua wodi iitwayo Fir Square, ambamo mama na mtoto walikaa chumba kimoja tangu kuzaliwa. Ikaonekana kwamba watoto wengi waliokaa na mama zao hawakuhitaji dawa, na wengi zaidi waliondoka na mama zao kwenda nyumbani. Kifua cha mama, giza kidogo, utulivu na ziwa vilifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na chupa ya dawa. Katika wodi zetu mama na mtoto hulala kitanda kimoja tangu zamani. Tuna jambo ambalo wengine walilazimika kulijenga upya. Linalobaki ni mkunga alitumie kwa kujua: amfundishe mama kumweka mtoto ngozi kwa ngozi, amkinge na kelele, amnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, na amhakikishie kwamba methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo na kunyonyesha kunamtuliza mtoto.

Mama wa pombe ana maelekezo mengine. Pombe huingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile cha damu, na hutoka humo kadiri inavyotoka kwenye damu. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi. Mkunga humwambia wazi kwamba asinywe, na kwamba ikitokea amekunywa, asubiri angalau saa mbili kwa kila kinywaji, na asilale kitanda kimoja na mtoto akiwa amelewa. Humjibu pia bibi aliyekuja na bia nyeusi akiamini inaongeza damu na maziwa. Hambishii kwa dharau. Humshukuru kwa kumjali mzazi, kisha humpa kazi nyingine: uji wa ulezi wenye karanga, maji ya kutosha, mboga za majani, vidonge vya kuongeza damu. Bibi aliyepewa kazi huwa mlinzi, na mama atamhitaji mlinzi huyo miezi ijayo.

Miezi ijayo ndiyo migumu. Wakati wa mimba mama alikuwa na sababu iliyokuwa ikipiga teke tumboni. Baada ya kujifungua usingizi hukatika, fedha hukauka, na chungu cha wanzuki kiko palepale uani. Wengi hurudia hapa. Mkunga mwenye ufundi hulijua hilo kabla halijatokea, na hutumia kitu ambacho serikali imekwisha kukipanga bila kukikusudia kwa kazi hii: ratiba ya chanjo. Mtoto atarudi akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9, na mwaka mmoja na nusu. Katikati atakuja kupimwa uzito na kadi yake namba 1 mkononi. Kila mara ni nafasi ya kuuliza tena, kwa dakika tano: mikono ikoje asubuhi, nani anaonja pombe siku hizi, ulilala lini mara ya mwisho ukatosheka. Aliyerudia haambiwi kwamba ameharibu yote. Huulizwa siku ile ilikuwaje, na wanatafuta pamoja ni nini kifanyike siku kama ile ikirudi. Wakati huohuo utepe huzungushwa kichwani mwa mtoto, na namba huandikwa, kwa sababu kichwa kisichokua kama inavyotakiwa ni habari ya kupelekwa kwa daktari mapema.

Yote hayo yanasimama juu ya nguzo moja, siri. Katika jimbo la South Carolina, Marekani, hospitali moja ya Charleston ilianza mwaka 1989 kupima mikojo ya wajawazito kutafuta kokeini na kuwapa polisi majibu, hata wanawake wakakamatwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2001 kwamba kuwapima hivyo bila ridhaa yao kulivunja katiba. Mwanamke anayejua kwamba kliniki ni mlango wa kituo cha polisi hatakuja kliniki, na mtoto tuliyetaka kumlinda atazaliwa mahali asipoonekana na yeyote. Mpika gongo wa Nyang'hwale, mkoani Geita, anajua vizuri kwamba biashara yake ni kosa kisheria. Akimweleza mkunga habari zake, amempa kitu ambacho kingeweza kumfunga. Mkunga anayelitunza neno hilo, asilinong'one hata kwenye chai ya saa nne, ndiye anayeifanya kliniki nzima iwezekane.

Ufundi huu unafundishika, na unastahili kufundishwa vyuoni kwa uzito uleule wa kushona msamba na kusoma chati ya uchungu. Unastahili chumba chenye mlango, diazepamu na vitamini B1 zisizokosekana stoo, na simu ya daktari wa magonjwa ya akili wa hospitali ya Bugando, Mwanza, inayopokelewa. Unastahili pia busara katika uhamisho, maana mkunga akihamishwa kutoka kijiji cha wachimbaji baada ya miaka mingi, wanawake waliomweleza siri zao huanza upya kwa mgeni, na baadhi yao hawaanzi. Dhahabu ya Geita imechimbwa tangu enzi za ukoloni na imetajirisha wengi walio mbali na Geita. Sehemu ya mapato yake ikienda kuwaweka wakunga hawa mahali pao, wakiwa na vifaa na muda wa kuuliza vizuri, itakuwa imetumika kwa watoto waliozaliwa juu ya ardhi iliyoitoa, na hao ndio wenye haki nayo kuliko wote.